Sufuria, Sigiri na Jirani: Kiswahili Kilivyoingia Jikoni Uganda

Nchini kwetu Uganda, ukimuuliza mtu mzima Kiswahili kilifikaje kwetu, mara nyingi atakutajia askari. Atakumbuka amri zilizotolewa barabarani kwa Kiswahili miaka ya 1970, na atakwambia kuwa hii ni lugha ya bunduki. Vitabu vya historia navyo humpeleka msomaji ofisini. Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika shule na utawala. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akakipinga kwa maandishi. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Habari hizi ni za kweli, lakini zote ni habari za wanaume wenye vyeo. Katika insha hii ninadai kwamba Kiswahili kilikwisha kuingia katika nyumba zetu kwa mlango mwingine, mlango wa jikoni, na kwamba waliokipokea ni wapishi wa nyumbani waliokuwa wakionyeshana vyombo na viungo vipya walivyonunua.

Wapishi hao hawakutuachia barua wala kumbukumbu za mikutano. Walituachia majina. Mimi ni msemaji wa Kiganda, na nilipoanza kujifunza Kiswahili niliandika katika daftari majina ya vitu vyote vya jikoni katika lugha yangu, kisha nikatafuta ndugu zao katika kamusi ya Kiswahili. Sufuria kwetu ni sefuliya. Birika ni ebbinika. Sahani ni essowaani, kijiko ni ekijiiko, uma ni wuuma, meza ni emmeeza. Nikageukia vyakula: sukari ni sukaali, chai ni caayi, mchele ni omuceere, ngano ni eŋŋaano, bizari ni binzaali, tangawizi ni entangawuuzi. Kitunguu saumu tumekiita katunguluccumu, yaani maneno mawili ya Kiswahili yaliyoshikamana yakawa neno moja la Kiganda. Mama anayesema kwamba hajui Kiswahili hata kidogo huyatamka maneno haya yote kabla ya saa tatu asubuhi.

Ni muhimu pia kutazama kile ambacho hakikuazimwa. Vitendo vya mapishi vilibaki vyetu: kupika ni okufumba, kukaanga ni okusiika, kumenya ndizi ni okuwaata. Chungu cha udongo ni entamu na mtungi wa maji ni ensuwa. Mafiga tunayaita amasiga, na hapa hakuna aliyemwazima mwenzake, kwa sababu Kiganda na Kiswahili ni lugha za Kibantu na neno hili ni urithi wa pamoja. Kwa Waganda neno hilo ni zito. Ukoo mkubwa hugawanyika katika matawi, na kila tawi huitwa essiga, yaani figa. Waswahili wanaposema jifya moja haliinjiki chungu, Mganda huelewa bila kufasiriwa, kwa sababu ukoo wake wenyewe umejengwa juu ya mafiga. Basi Kiswahili hakikuja kutufundisha kupika. Kilikuja na vyombo na viungo, na jiko lililokuwapo likavipokea.

Vilikuja lini? Orodha yangu ina tabaka kama udongo wa kisimani. Tabaka la chini ni la misafara. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suuna II, na chini ya mwanawe, Mutesa I, aliyetawala kuanzia 1856 hadi 1884, watu wa pwani walizidi kuja. Mutesa mwenyewe alijifunza Kiswahili. Wageni hao walikuwa na makazi yao Natete, karibu na mji mkuu. Mtu anayekaa mbali na kwao kwa miaka hutamani chakula cha kwao, na majina ya mchele, ngano, vitunguu na bizari yanaonyesha kuwa walivileta au waliviagiza. Sufuria nayo ni ya tabaka hili. Jina lake linakumbusha sufuri, yaani shaba, madini yaliyotengenezewa vyungu vya pwani kabla ya alumini kuenea.

Hatuwezi kuisifu misafara hiyo bila kutaja mzigo wake mwingine. Iliyoleta nguo, shanga, bunduki na bizari ndiyo iliyoondoka na pembe za ndovu na watumwa. Ikulu iliyopokea vyombo vipya ndiyo iliyouza watu. Bila shaka wa kwanza kuona sufuria hawakuwa akina mama wa vijijini, bali wapishi wa Kabaka na wa machifu. Chombo kilianza kuwa cha watu wote pale kilipoanza kuuzwa kwa bei ambayo mkulima angeweza kuilipa.

Hilo ndilo tabaka la pili, tabaka la reli na duka. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu mwaka 1901. Kutoka hapo mizigo ilipanda meli za ziwani, hadi reli ilipofika Kampala mwaka 1931. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kuijenga. Wengi walirudi kwao, lakini maelfu kadhaa walibaki, na wengine wakaja baadaye kufanya biashara. Allidina Visram, ambaye alianzia biashara yake pwani, alifungua maduka mengi kufuata njia ya misafara na baadaye ya reli, Kampala ikiwamo, kabla ya kufariki mwaka 1916. Duka kwetu ni edduuka. Mwenye duka alikuwa Mgujarati, mnunuzi alikuwa Mganda, Msoga au Mwacholi, na lugha iliyosimama kati yao kaunta kwa kaunta ilikuwa mara nyingi Kiswahili chepesi cha bei na vipimo. Baadaye sukari nayo ikaanza kutengenezwa hapahapa: Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akafungua cha Kakira, karibu na Jinja, mwaka 1930. Tangu hapo chai ya sukari ikawa heshima ya kumkaribishia mgeni.

Katika tabaka hili kuna neno moja ambalo lilinifundisha kuliko mengine yote, nalo ni sigiri. Jiko dogo la bati la kuchomea makaa, ambalo Mtanzania huliita jiko la makaa, na ambalo kamusi zina jina la seredani, sisi tunaliita sigiri. Neno hilo limetoka India, wanakoliita sigri. Jiko la namna hii lililetwa Afrika Mashariki na Wahindi wa wakati wa reli. Jina lake linaonyesha kwamba Uganda halikupitia mikononi mwa Waswahili kwanza. Watu waliliona likitumiwa na Wahindi wenyewe, wakachukua chombo pamoja na jina lake. Baadaye mafundi wa Katwe, hapa Kampala, wakawa wanalikata na kulikunja wenyewe kutoka katika mabati na mapipa makuukuu. Ndiyo sababu sisemi kwamba kila kitu jikoni ni cha Kiswahili. Majina hayadanganyi kuhusu njia yaliyopita, na sigiri inatuambia njia yake waziwazi.

Sigiri inatueleza pia jinsi majina yalivyosambaa. Mafiga matatu hayahamishiki; mwanamke huyapikia ndani ya effumbiro, jiko la uani, na jirani haoni. Sigiri hubebwa. Katika vyumba vya kupanga vya mjini huwekwa nje ya mlango, kwa sababu moshi na hewa ya makaa ndani ya chumba huua. Kwa hiyo kila anayepita huona kinachopikwa, kimepikwa katika sufuria ya namna gani, na kama sufuria hiyo ni mpya. Huuliza: umeinunua wapi, ssebo alikuuzia kwa kiasi gani, mfuniko wake unashika? Aliyeulizwa hujibu kwa jina alilolisikia dukani. Jioni ya siku hiyo jina liko katika nyumba mbili.

Wanawake wa Uganda wana hata desturi ya kufanya jambo hili kwa shangwe. Inaitwa nigiina. Kikundi cha wanawake hukutana nyumbani kwa mmoja wao, na wenzake humletea zawadi za nyumbani: sefuliya, sahani, vikombe, birika, mashuka. Wiki au mwezi mwingine ni zamu ya mwenzake. Kuna ngoma, kuna kucheza, na zawadi huinuliwa juu ili kila mtu aione. Mtu akitazama kwa haraka atasema ni majivuno, na majivuno kweli yamo. Lakini kwa mwanamke ambaye hana shamba la jina lake wala akaunti ya benki, seti ya sufuria ni akiba ambayo hakuna mtu atakayesema si yake. Katika mikusanyiko kama hii majina ya vyombo hutajwa kwa sauti, hurudiwa, na watoto husikia.

Tabaka la tatu ni chungu. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Aliziita siasa zake vita vya uchumi. Maduka yakapewa watu waliokuwa karibu na jeshi, uzalishaji wa sukari ukaporomoka, na katika miaka michache chumvi, sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vikawa vitu vya kupangia foleni. Kahawa ilivushwa kwa siri kwenda Kenya na bidhaa zikarudi kwa njia hiyohiyo. Jambo hilo lilipata jina la Kiswahili: magendo. Na waliotajirika kwa maduka waliyogawiwa waliitwa mafuta mingi. Mwalimu wangu wa sarufi angelikata jina hilo kwa kalamu nyekundu na kuandika mafuta mengi. Hata hivyo naliheshimu, kwa sababu ni tusi lililotungwa jikoni. Watu ambao kikaango chao kilikuwa kikavu walimtazama jirani aliyenenepa, wakampa jina la kitu walichokikosa.

Wakati huohuo, kuonyeshana kulichukua sura nyingine. Aliyepata kilo ya sukari hakuiinua juu; aliificha, kisha akamgawia jirani kikombe kimoja kwa siri. Hivyo katika muongo uleule ambao Kiswahili kilichukiwa mdomoni mwa askari, kilikuwa kikitumika mlangoni kwa sauti ya chini, kwa maneno ya sukari, mafuta na magendo. Wanahistoria wanaotazama kambi peke yake husikia sauti moja tu kati ya hizo mbili.

Naweza kupingwa. Mtu atasema kuwa maneno thelathini ya vyombo si lugha, na kwamba anayesema sefuliya anasema Kiganda, wala hasemi Kiswahili. Ni kweli. Maneno hayo yamevaa viambishi vyetu na yamekuwa wenyeji. Lakini hoja yangu haihusu idadi yake. Inahusu namna yalivyopokewa. Hakuna chifu aliyeamuru sufuria iitwe sefuliya, wala hakuna aliyeandamana kulipinga jina hilo. Daudi Chwa aliogopa kwamba Kiswahili kingemwondolea Mganda utu wake, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu pendekezo lilitoka kwa gavana. Jikoni hofu haikuwapo. Mwanamke wa Kiganda alinunua sufuria, akaiita kwa jina lake la dukani, kisha akatandika mabua na majani ya mgomba ndani yake, akafunga ndizi, akaziivisha kwa mvuke kama alivyofundishwa na bibi yake. Chombo kilibadilika, matooke yakabaki matooke.

Leo tabaka la nne linajengeka, nalo halina Kiswahili. Wapishi wa siku hizi huonyeshana birika la umeme, ambalo Kampala huitwa pakoleta, chupa ya chai iitwayo fulasika, mashine ya kusagia matunda, na mtungi wa gesi. Vitu hivi huja kwa meli kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, huvuka nchi zinazozungumza Kiswahili kutwa kucha, na bado hutufikia vikiwa na jina la Kiingereza lililoandikwa kwenye boksi. Julai 2022 Baraza letu la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Ni uamuzi nilioufurahia, maana natarajia kuwa mwalimu wa somo hilo. Lakini historia niliyoieleza hapa inanionya kwamba mwanafunzi akifundishwa Kiswahili kama amri nyingine kutoka juu, atakumbuka askari aliyesimuliwa na babu yake. Nitakapoingia darasani nitaanza na vitu vilivyo jikoni kwao, nimwombe kila mmoja alete orodha ya majina yake, awe Mganda, Mnyankole au Mteso, ili agundue mwenyewe ni kiasi gani cha lugha hii mama yake amekwisha kumfundisha.