Joka na Jina Lake katika Bronzi za China ya Kale

Vyombo vya bronzi vya dola ya Shang, iliyotawala kaskazini mwa China tangu karne ya 16 hivi hadi mwaka wa 1046 hivi K.K., vilitumika katika matambiko ya kuwapa wahenga chakula na pombe. Juu yake huonekana uso wenye macho yaliyotokeza na pembe, lakini usio na taya la chini. Ukitazamwa vema, uso huo hugawanyika katikati na kuwa majoka mawili yaliyochorwa kwa ubavu, yakielekeana pua kwa pua.

Ulinganifu huo ulioana na ufundi wenyewe. Mafundi walifinyanga mfano wa chombo, wakaufunika kwa udongo, kisha wakautoa udongo huo vipande vipande ili upatikane kalibu ya kusubia shaba iliyochanganywa na bati na risasi.

Uso huo umezoewa kuitwa taotie. Jina hilo limo katika Lüshi Chunqiu, kitabu kilichokusanywa yapata mwaka wa 239 K.K., takriban karne nane baada ya Shang kuanguka. Humo taotie ni dubwana lafi. Katika zama za Song, Lü Dalin, aliyetunga orodha ya vitu vya kale mwaka wa 1092, alilitumia kwa mapambo haya. Waliotengeneza vyombo hawakuacha maelezo yoyote: mifupa yao ya kupigia ramli ina alama ya joka, ila haifasiri nakshi za bronzi.

Kimya hicho kimezaa mabishano. Mwaka wa 1953 Max Loehr alionyesha kuwa nakshi zilianza kwa mistari myepesi, na wanyama dhahiri wakafuata. Kwa hiyo alizihesabu kuwa umbo tupu. K. C. Chang alipinga, akiona katika wanyama hao wasaidizi wa makuhani katika kuwasiliana na wafu. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, lililofukuliwa huko Anyang mwaka wa 1976 likiwa halijaporwa, lilitoa vitu zaidi ya 400 vya bronzi. Lilithibitisha kuwa vyombo hivyo viliambatana na cheo na ibada. Maana ya uso halikuitaja.

Ndiyo sababu wanaakiolojia wengi wa China hupendelea leo kusema “nakshi ya uso wa mnyama”. Jina hilo ni la unyenyekevu, nalo lina faida: lataja kionekanacho, wala haliwasingizii Shang ulafi ambao wao wenyewe hawakuuandika.