Yatima wa Tengeru

Reli ya Tanga na ile ya Voi zilikutana hapa kwetu Kahe, kisha njia ikaendelea mpaka Moshi na Arusha. Mwaka 1942 Wapolandi waliohamishwa kwa nguvu na serikali ya Urusi hata Siberia walianza kufika Tengeru, wakiwa wamepitia Uajemi. Miongoni mwao walikuwamo yatima wengi. Vita vilipokwisha, serikali mpya ya Poland ilidai watoto hao warudishwe. Padre Łucjan Królikowski, Mfransisko, hakukubali watolewe kama mizigo isiyo na mwenyewe. Mwaka 1949 alifuatana nao, wapata 150, kwa njia ya Italia hata Kanada, ambako Askofu Mkuu Joseph Charbonneau wa Montreal aliwapokea. Nasi tujifunze: mtoto asiye na mzazi ahitaji chakula, tena ahitaji mtu wa kumsemea.