Kuta za Murang'a

Ukishuka matatu Karatina siku ya soko, macho hayapati pa kutulia. Ukuta wa bucha una ng'ombe mzima upande huu wa mlango na paja lililoning'inia upande ule. Kinyozi ana vichwa vitatu, kila kimoja na mkato wake. Hoteli ina kikombe cha chai kinachofuka mvuke. Niliwahi kusimama nyuma ya fundi mmoja akimalizia jicho la ng'ombe. Alitia nukta nyeusi, akarudi nyuma hatua mbili, kisha akadondosha chembe ya rangi nyeupe ndani ya ile nyeusi, na papo hapo ng'ombe akaanza kututazama. Wanawake waliokuwa wakipita na magunia ya viazi walisimama wakashangilia. Mwaka uliofuata ukuta ule ulikuwa kijani kitupu, rangi ya tangazo la kampuni ya simu.

Kinachonichoma si kufutwa kwa ng'ombe yule. Ni maneno ninayoyasikia hata kwa watu waliosoma, kwamba picha za ukutani ni fasheni iliyotufikia juzi kutoka Nairobi, na kwamba miji ya mlimani haina historia ya rangi zaidi ya mabango. Wanaosema hivyo wamesahau ndome, ile ngao ya mbao waliyovaa vijana wa Kigikuyu mkononi wakicheza ngoma kabla ya kutahiriwa. Kila kundi lilikubaliana juu ya nakshi zake, na ngao ile ile ilirithiwa na wadogo zao, ikapakwa upya juu ya rangi za wakubwa. Kupaka juu ya picha ya aliyekutangulia si jambo jipya kwetu.

Na wamesahau Murang'a.

Hadithi ya asili ya Wagikuyu kila mtoto anaijua: Mukurwe wa Nyagathanga, Gikuyu na Mumbi, mabinti kumi wanaohesabiwa tisa. Kisha ngome ya Waingereza, na mji kuitwa Fort Hall kwa jina la Francis Hall, ofisa aliyefariki mwaka 1901. Nayaacha hayo, maana yamesimuliwa vya kutosha. Kinachonipeleka Murang'a ni kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu James na Mashahidi Wote, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, wakati hali ya hatari bado inawaka na vijiji vimezungushiwa mahandaki.

Ndani yake zimo picha tano kubwa za ukutani: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Alizichora Elimo Njau, kijana wa Marangu aliyesomea sanaa Makerere, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtoto wa Kilimanjaro alikuja kuwachorea watoto wa Kirinyaga. Waandishi wengi wakimtaja husema tu kwamba alikuwa mwanafunzi wa Margaret Trowell, kisha wanaweka nukta. Hilo halitoshi hata kidogo. Trowell alimfundisha kushika brashi, lakini hakumpa vilima vile. Yesu wa Njau ni Mwafrika, na anazaliwa, anabatizwa na kufa katika nchi ya migongo na mabonde kama ile unayoiona ukifungua mlango wa kanisa.

Ugomvi wenyewe uko hapa. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kigikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau, na kwa sababu hiyo nimewasikia wazee wenye heshima zao wakisema: "Lile ni kanisa la mahomugadi, wale wanamgambo wa serikali, picha zake hazituhusu." Nawaelewa. Aliyefiwa kambini hawezi kupita mlangoni pale bila uchungu. Lakini nadhani wamekosea, na naomba wanisikilize.

Wengi wa waliouawa walikuwa walokole waliokataa kula kiapo cha Mau Mau. Miongoni mwa walokole hao hao walikuwamo waliokataa pia bunduki ya serikali, na wakachukiwa na pande zote mbili. Kisha mtazameni aliyempa Njau kazi hiyo, Askofu Obadia Kariuki. Mkewe alikuwa binti wa Chifu Koinange wa Mbiyu, na Jomo Kenyatta naye aliwahi kuoa binti wa Koinange. Askofu na Kenyatta, aliyekuwa mfungwa Lokitaung, walikuwa wanyumba. Mkwe wao mzee naye alikuwa kizuizini. Mtu ambaye familia yake imekatwa katikati namna hiyo hakuhitaji picha za kushangilia ushindi wa serikali. Na Njau hakumpa picha kama hizo. Alimpa Gethsemane, mtu aliye peke yake usiku, akingoja kukamatwa. Miaka ile, katika wilaya ile, nani hakuujua usiku huo?

Kule Nyeri mjini, mnara wa kumbukumbu unawataja Wagikuyu waliokufa katika mapambano ya uhuru bila kusema upande wao. Wapita njia huegemea pale kusubiri gari, na hakuna anayeulizwa babu yake alipigana wapi. Murang'a nayo inastahili huruma hiyo.

Baadaye uhuru ukaja, mji ukaacha jina la Hall. Njau na wenzake wakaanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa Nairobi mwaka 1965, ikaungua mwaka 1997 na kazi nyingi zikateketea. Kuta za Murang'a zikabaki, bila kibao hata kimoja nilichokiona barabarani cha kumwelekeza mgeni.

Mara ya mwisho nilipotoka kanisani, mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya njia aliniuliza, "Kijana wangu, mle ndani huwa unaangalia nini muda wote huo?" Alikuwa ameuza pale miaka kumi na moja. Nikamwambia, "Ingia uone, mama. Nitakuangalizia ndizi." Akajifuta mikono kwa leso, akaingia. Niliuza vichana viwili kabla hajarudi.