Umbali wa Mtwara

Kwa ndege, toka Mtwara hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 400, mwendo wa saa moja hivi; kwa barabara ni kama 560. Hesabu hiyo haikutufaa sana sisi wa Kusini. Masika yakiingia, njia ilijaa tope, na mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko. Mwalimu mwenye msiba Dar alifika matanga yamekwisha kuanuliwa. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, lami ikakamilika baadaye, safari ikawa ya siku moja. Lakini Mei 2024 mafuriko yalikata barabara huko Somanga, na wasio na nauli ya ndege wakawa mbali tena kama zamani. Basi, ndugu msomaji, ramani hupima nchi. Umbali wa maskini hupimwa kwa njia inayopitika.