Dhamana haiuzwi: maneno ya mahakamani na asili yake

Msikilizaji mpenzi, jirani yangu mmoja, mama wa makamo, aliuza mbuzi wawili ili kijana wake atoke ndani. Kijana alikuwa amekamatwa kwa ugomvi wa kilabuni, na mtu fulani akamnong'oneza mama kwamba dhamana inauzwa. Akatoa fedha mkononi, stakabadhi hakupewa. Kijana aliporudi nyumbani, wote waliamini kesi imekwisha. Tarehe ya shauri ikapita, hakutokea, akakamatwa upya. Mama yule aliponzwa na neno moja ambalo hakuna aliyemweleza maana yake. Kwa hiyo juma hili tuyatazame maneno ya mahakamani, tujue yalikotoka.

Tuanze na gereza. Neno hili lilikuja na Wareno, ambao kanisa huliita "igreja". Mjini Mombasa, kati ya mwaka 1593 na 1596, walijenga Ngome ya Yesu, na ndani yake mlikuwa na kanisa. Kwa wenyeji, jina la kanisa likawa jina la ngome nzima. Hata Kilwa Kisiwani, magofu ya ngome iliyoko ufukweni yanaitwa Gereza hadi leo. Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu mwaka 1698. Waingereza nao wakaifanya kifungo tangu 1895 hadi 1958. Basi neno lililoanza kama nyumba ya sala likaishia kuwa nyumba ya wafungwa. Waingereza walituachia na neno lao pia, jela, pamoja na korti, kesi na faini.

Hakimu ni neno la Kiarabu. Ndugu zake ni hukumu, mahakama na hekima. Katika Kiarabu cha kale, shina hilo lina maana ya kuzuia, na kutokana nalo likapatikana jina la lijamu, kile chuma kinachotiwa kinywani mwa farasi. Kwa asili, basi, hakimu ni mtu wa kuizuia dhuluma isikimbie ovyo. Na kwa kuwa hukumu na hekima ni watoto wa mama mmoja, hukumu isiyo na hekima imemkana nduguye.

Wakili naye ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Anayesema "natawakali kwa Mungu" hutumia shina hilo hilo, yaani namkabidhi Mungu mambo yangu. Mwakilishi ametoka humo humo. Kwa hiyo wakili si fundi wa maneno makali tu. Amebeba amana ya mtu.

Rufaa imetoka katika neno la Kiarabu la kuinua. Anayekata rufaa halipizi kisasi kwa hakimu wala hamtukani. Analiinua shauri lake, lipelekwe ngazi ya juu likatazamwe upya.

Kiapo ni letu wenyewe, limetokana na kuapa. Lakini mbona tunasema kula kiapo? Zamani, katika sehemu nyingi za nchi zetu, kiapo hakikuwa maneno matupu. Mshukiwa alipewa kitu akimeze, na mahali pengine kilikuwa mwavi, dawa yenye sumu. Akitapika, hana hatia. Akifa, watu husema ukweli umejulikana. Wasio na hatia wangapi walizikwa kwa ukweli wa namna hiyo! Leo shahidi hapewi sumu, lakini haishangazi kwamba bado "anakula" kiapo.

Sasa turudi kwa mama yetu na mbuzi wake. Dhamana, kwa Kiarabu, ni kubeba jukumu la jambo au la mtu. Mdhamini anasema: huyu namjua, mwacheni aende, siku ya shauri atafika, asipofika, niulizeni mimi. Kiasi cha fedha kinachoandikwa katika hati ya dhamana ni ahadi. Mdhamini hudaiwa pale mshtakiwa anapotoroka. Hata mahakama inapotaka fedha taslimu ziwekwe, hutolewa stakabadhi, na mshtakiwa akitimiza masharti zinarudishwa shauri likiisha. Dhamana haiuzwi, wala haimalizi kesi. Laiti mama angejua hayo, angewabakiza mbuzi wake zizini, akamhimiza mwanawe kuhudhuria.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya kutoa haki mahakamani. Kabla ya hapo Mahakama za Mwanzo ziliendeshwa kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini mama yetu hakuponzwa na Kiingereza. Dhamana ni neno la Kiswahili, analitamka vizuri kuliko mimi. Alichokosa ni mtu wa kumfafanulia.

Basi, ndugu msikilizaji, ukiitwa mahakamani au kituoni, usione haya kuuliza: neno hili maana yake nini, na fedha hii stakabadhi yake iko wapi? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Na wewe karani, askari na wakili unayenisikiliza, jibu swali hilo kwa upole. Dakika moja ya maelezo ingewaokoa mbuzi wawili.

Hadi juma lijalo, kwaheri ya kuonana.