Mchezo wa Kuigiza katika Koleji za Zamani

Wengine huuliza: katika somo la vitabu, mchezo wa kuigiza una kazi gani? Si burudani tu ya sikukuu, yenye kula saa za masomo? Swali hili ni la zamani, na historia ya koleji za Eklezia yatusaidia kulijibu.

Mwaka 1548 Wajezuiti walifungua koleji ya Messina, kisiwani Sisilia. Toka hapo koleji zao zilienea Ulaya yote. Tarehe 8 Januari 1599, Mkuu wa Shirika, Padri Claudio Acquaviva, alitangaza kanuni ya masomo, ndiyo Ratio Studiorum. Kanuni hiyo yataja michezo ya namna mbili, nasi tusiichanganye.

Namna ya kwanza ni tragedia na komedia za mbele ya watu. Mkuu wa koleji anaamriwa zichezwe mara chache, kwa Kilatini, juu ya mambo matakatifu. Wala asionekane ndani yake mwanamke au vazi la kike. Namna ya pili ni ya darasani. Mwalimu wa ufasaha aweza kuwapa wanafunzi kazi ya kutunga mazungumzo mafupi. Kisha yaliyoandikwa vizuri kupita mengine yachezwa humo humo darasani, kila mmoja na sehemu yake, pasipo mapambo yo yote. Mchezo huu ulikuwa somo lenyewe. Neno ambalo kijana alilisoma kwa macho, sasa alilitamka kwa kinywa mbele ya wenzake, akajua kama lina uzima au halina.

Mchezo wa mbele ya watu nao ulizaa matunda. Padri Jakob Bidermann alitunga Cenodoxus, uliochezwa Augsburg mwaka 1602, na München mwaka 1609. Ni habari ya daktari wa Paris, aliyesifiwa na wote kwa elimu na wema, kumbe moyoni amejaa majivuno. Siku ya maziko maiti yake yasema mara tatu: nimeshitakiwa, nimehukumiwa, nimelaaniwa. Bruno anasikia, anaacha ulimwengu pamoja na wenzake. Habari ya maiti ile ni hadithi ya kale, si historia ya hakika. Lakini dibaji ya michezo ya Bidermann, iliyopigwa chapa mwaka 1666, yasimulia kwamba baada ya kuutazama kule München, wakubwa 14 walikwenda kufanya mafungo, na yule aliyemwigiza daktari akaingia Shirika.

Wala watu wasiojua Kilatini hawakusahauliwa: katika nchi za Ujerumani waligawiwa karatasi zilizowaeleza mchezo kwa lugha yao.

Hata hivyo Eklezia iliwakemea vikali wachezaji wa kazi. Molière, mwanafunzi wa zamani wa koleji ya Clermont huko Paris, alipokufa mwaka 1673, alizikwa usiku, bila fahari. Mwaka 1694 Askofu Bossuet aliandika kitabu cha kuilaumu komedia. Lakini michezo ya koleji yenye kufuata kanuni hakuikataa. Je, huo si ugeugeu? Sivyo. Kilichopimwa hasa ni kusudi: mchezo wa koleji ulikuwa na mwalimu, kipimo na mwisho.

Kipimo hicho hakikushikwa siku zote. Koleji ya Clermont, iliyoitwa Louis-le-Grand tangu mwaka 1682, ilizoea kutoa zawadi za wanafunzi mwezi wa Agosti kwa tragedia ya Kilatini, na kati ya sehemu zake walicheza ngoma za fahari. Watu walikuja kutazama miguu, na maneno yakabaki nyuma. Kanuni ilikuwa imesema «mara chache». Sasa twajua sababu.

Basi, mwalimu wa seminari asingoje pazia wala mavazi. Wanafunzi wasome kwanza andiko na kulielewa. Kisha agawe sehemu, wasimame, waseme. Mwishoni waulizane kwa nini mtu yule alinena hivi. Saa moja yatosha. Kijana atakayepanda kesho mimbarani, au katekista atakayesoma Injili kijijini pasipo padri, atawapa watu neno linalosikika. Asipojifunza darasani kulitamka, watu ndio watakaokosa chakula.