Nani Anausoma Udongo Wetu?

Juma hili imeangukia Siku ya Udongo Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 5 Desemba kila mwaka. Mjini siku hiyo hupita bila mtu kuiona. Watu wana mengine ya kuwaza: nauli, kodi ya nyumba, ada za Januari. Udongo kwa mtu wa mjini ni kitu cha kufuta kwenye kiatu kabla ya kuingia ofisini.

Kwetu Sikonge, kilomita kama 70 kusini mwa Tabora, siku hiyo nayo haina sherehe, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Desemba kila mwenye mikono yuko shambani. Mvua imeshanyesha, matuta yanainuliwa, na anayekaa barazani wakati huo hutazamwa kama mgonjwa.

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuuzungumze udongo, na hasa swali moja: nani amefundishwa kuusoma? Historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba swali hilo lilipopuuzwa, gharama yake ilikuwa kubwa. Na dalili ni kwamba bado tunalipa.

Tuanze mbali kidogo. Tunapoitaja Tabora ya karne ya 19 tunataja misafara: pembe za ndovu, watumwa, nguo na shanga, njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Tunawataja Burton na Speke waliofika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857. Tunamtaja Stanley, ambaye mwaka 1871 alizuiwa na vita vya Mirambo, akalazimika kuzungukia kusini kupitia Ugunda na mto Gombe kabla ya kufika Ujiji. Tunasahau jambo moja dogo. Maelfu hayo ya watu walikula nini?

Walikula mtama, mahindi, mpunga na viazi vya Mnyamwezi. Mpagazi yuleyule aliyesifika pwani kwa mabega yake alikuwa kwanza mkulima. Wafanyabiashara wa zamani walilijua hilo kwa uchungu: msimu wa kulima ukikaribia, kupata wapagazi ilikuwa kazi, maana watu walitaka kuwa kwao kabla mvua hazijashika. Njia ya misafara ilisimama juu ya udongo, na udongo huo ulikuwa na watu wanaoujua.

Naweza kulishuhudia hilo. Marehemu babu yangu hakusoma hata darasa moja, lakini hakulima mahali bila kupatembelea kwanza. Alitazama miti. Palipo na migunga na ardhi nyeusi inayopasuka kiangazi, alisema hapo ni mbuga, mwachie mpunga. Juu kwenye kichanga chepesi aliweka karanga na muhogo. Ndugu zetu Wasukuma wana majina kamili ya ngazi hizo: luseni ni ule wa kichanga, itogolo ni ule mgumu wa kijivu unaokaribia bonde, ibushi ni ule mweusi wenye chokaa, na chini kabisa ndiyo mbuga. Babu alikuwa akishuka mteremko huku akiyataja kama mtu anayesoma herufi ubaoni.

Sasa sikiliza kisa hiki. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakakirithi. Hapo alifanya kazi mtaalamu wa kemia ya udongo aliyeitwa Geoffrey Milne. Huyu hakuridhika kukaa na chupa zake za maabara. Alitoka, akatembea, akachimba mashimo, akatazama. Yeye na wenzake wa Kenya, Uganda na Zanzibar walitoa ramani ya kwanza ya udongo wa Afrika Mashariki mwaka 1936.

Milne aliona kwamba udongo wa nchi hizi haukutawanyika ovyo. Unafuata mteremko. Juu ya kilima kuna aina moja, ubavuni nyingine, bondeni nyingine, na mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima, kwa sababu maji yanaposhuka hubeba chembe na chumvi kutoka juu na kuziweka chini. Mwaka 1935 mpangilio huo aliupa jina la Kilatini, "catena", maana yake mnyororo. Jina hilo hufundishwa mpaka leo katika vyuo vikuu duniani kote. Hata neno letu mbuga liliingia katika maandishi ya wataalamu wa udongo, likakaa humo bila kutafsiriwa.

Simpunguzii Milne heshima yake. Alifanya kazi kubwa: alieleza sababu, akapima, akachora. Ila babu yangu angemsikia angeshangaa kidogo kwamba jambo hilo lilihitaji Kilatini. Mnyororo ule walikuwa nao wote wawili, mmoja kichwani na mwingine kwenye karatasi. Kilichokosekana ni shule ya kuwakutanisha. Zama hizo kijana wa Tanganyika aliyebahatika kusomea kilimo kwa kawaida aliandaliwa kuwa msaidizi. Kuusoma udongo na kuuamulia mambo ilikuwa kazi ya bwana mkubwa.

Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 Milne alifanya safari ndefu ya kuchunguza udongo katika sehemu mbalimbali za Tanganyika. Alifariki mwaka 1942. Taarifa ya safari hiyo ilikuja kuchapishwa katika jarida la kitaalamu mwaka 1947. Ushike vizuri mwaka huo.

Mwaka huohuo wa 1947, matrekta ya mpango mkubwa wa karanga yalianza kazi Kongwa. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na njaa ya mafuta ya kupikia. Ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, ulikuwa umezunguka mwaka 1946 kwa wiki tisa tu, sehemu kubwa ya ardhi wakiitazama kutoka kwenye ndege. Wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, nyingi kati ya hizo zikiwa Tanganyika. Maeneo matatu yalichaguliwa hapa: Kongwa, Nachingwea na Urambo, jirani yetu hapo magharibi mwa Tabora.

Yaliyotokea Kongwa yanajulikana. Udongo ule una mchanga unaokwangua chuma, majembe ya matrekta yakawa butu kabla ya wakati. Una pia mfinyanzi ambao jua likiwaka hukauka na kuwa kama tofali. Karanga, kama mjuavyo, huzaa chini ya ardhi. Zilikuwamo humo ndani na hazikutoka. Mvua nazo hazikufuata mpango. Mwezi Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango huo, baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi.

Watu wengi hukisimulia kisa hicho kama kichekesho cha wazungu. Mimi hunisikitisha. Wagogo wa Kongwa walikuwapo. Wanyamwezi wa Urambo walikuwapo. Ramani ya Milne na wenzake ilikuwa imechapishwa miaka kumi na moja kabla. Maarifa yalikuwapo mwilini mwa nchi, ila hayakuwa na mtu mwenye cheo aliyefundishwa kuyasikiliza. Waswahili wanasema asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Karanga ziliposhindwa, mashamba ya Urambo yakageuzwa kuwa ya tumbaku, na tumbaku ikaenea Tabora hadi kwetu Sikonge. Kwa hiyo sisi ni watoto wa kosa hilo. Ada yangu ya sekondari, na ile ya chuo nilikopata stashahada ya uandishi wa habari, ilitoka kwenye bani la baba yangu la kukaushia tumbaku. Na kuni za bani hilo zilitoka kwenye miombo iliyokuwa ikiushika udongo huohuo.

Baada ya Uhuru nchi ilianza kuziba pengo. Mwaka 1965 Morogoro palifunguliwa chuo cha kilimo kilichotoa stashahada. Baadaye kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984, mwaka ule aliofariki Edward Moringe Sokoine, kikawa chuo kikuu kamili kilichopewa jina lake. Idara yake ya udongo imezaa wataalamu wetu wenyewe, na watu kama Profesa Balthazar Msanya wamefundisha na kuandika mengi kuhusu kuainisha udongo wa Tanzania. Chuo hicho hutoa pia shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo na usimamizi wa ardhi. Huko Mlingano, Tanga, wilaya ileile ya Muheza iliyo na Amani, kuna kituo cha taifa cha utafiti wa udongo. Hapo Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho, pamoja na mambo mengine, kilijaribu miti ya kukua haraka ili mkulima wa tumbaku asimalize msitu.

Kwa hiyo hatuwezi kulalamika kwamba hatuna wataalamu. Lililobaki ni umbali. Kutoka Muheza au Morogoro mpaka shamba la baba yangu mdogo kule Sikonge ni safari ndefu, na elimu husafiri polepole kuliko basi.

Mwaka jana nilikutana na bwana shamba mmoja wa mkoa wetu. Wilaya yake sitaitaja, maana kijana yule alizungumza kwa moyo mweupe. Alinipa shikamoo, tukakaa chini ya mwembe. Nikamuuliza anamshaurije mkulima juu ya mbolea. Akaniambia, "Kaka, nikwambie ukweli. Udongo nilisoma muhula mmoja chuoni. Tangu nimeajiriwa, mwaka wa tisa huu, sijaitwa kwenye kozi hata moja ya udongo. Mkulima akiniuliza, namwambia kilichoandikwa kwenye mfuko."

Nikamuuliza juu ya vifaa vya kupimia udongo, maana mwaka 2022 Serikali ilitoa pikipiki kwa maafisa ugani na vifaa vya kupimia udongo kwa halmashauri. Akacheka. Pikipiki anayo, inamsaidia sana. Kipimo alikiona siku kilipokabidhiwa, mafunzo yakawa ya nusu siku, na aliyefundishwa akahamishwa.

Msikilizaji wa mjini anaweza kusema hilo ni shauri la wakulima. La hasha. Udongo mwingi wa Tabora ni wa kichanga, mchovu, na una uchachu. Mbolea za naitrojeni kama urea zikirudiwa miaka mingi bila kupima, huuongeza uchachu huo. Udongo ukishakuwa mchachu sana huishikilia fosforasi, mmea usiipate hata ukiimwaga kwa debe. Mkulima anaona mavuno yanashuka, anaongeza mbolea, deni kwenye chama chake linapanda, na shamba linazidi kuchacha. Dawa pengine ni chokaa ya kilimo, samadi, na kubadilisha mazao. Lakini nani atamwambia, naye atajuaje bila kupima? Mahindi yakipungua Sikonge, bei ya unga hupanda sokoni Manzese.

Kupima kwenyewe si uchawi. Unachukua udongo kidogo sehemu kumi au kumi na tano za shamba, kina cha jembe, kama sentimita 20. Hauchukui kwenye kichuguu wala palipokuwa na zizi. Unachanganya kwenye ndoo safi, unaanika kivulini, unafunga nusu kilo, unaandika jina la shamba. Kazi ngumu inakuja baadaye: kuyasoma majibu na kuyageuza kuwa ushauri. Hiyo ndiyo inayohitaji mtu aliyefundishwa, na aliyerudishwa darasani kila baada ya muda.

Tabora tuna Chuo cha Nyuki, na asali ya Sikonge imefaidika kwa kuwa na mafunzo karibu. Naomba udongo upewe heshima hiyohiyo. Kwanza, kila bwana shamba na bibi shamba apate kozi fupi ya udongo kila baada ya miaka michache, kule kule anakofanyia kazi, kwenye mteremko wenye luseni juu na mbuga chini. Pili, halmashauri zisomeshe vijana wao wenyewe sayansi ya udongo, na wakihitimu zisiwaweke mezani kuandika mihtasari ya vikao. Tatu, kozi hizo ziwe na nafasi ya mzee wa kijiji kuzungumza, na mwalimu akae akiandika.

Babu yangu alifariki na majina yake ya udongo, kwa kuwa sisi wajukuu tulikuwa shule tukisoma udongo wa vitabuni. Wazee kama yeye wamebaki wachache Sikonge. Wakati tunasubiri bajeti, anayekwenda likizo nyumbani mwezi huu anaweza kuanza kwa kushuka shambani na mzee wake, kumuuliza, na kuyaandika anayoyataja. Daftari ni shilingi chache.